Kifaa cha kupimia ujani wa mpunga: kinunuliwe, au muanze na kipande cha shibe?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga wa kumwagilia huku Pemba. Wengi wetu ni wanawake, na kila mmoja ana kama robo eka. Urea tunatia kwa kipimo kimoja sote, polo moja kwa eka, nusu baada ya kupandikiza na nusu kabla ya mpunga kubeba mimba. Msimu uliopita majaluba mengine yalikuwa manjano na mengine yakalala chini kabla ya kuvuna, na mbolea ni ile ile. Mwanangu anasoma nje, ameona kifaa cha kushika mkononi kinachopima ujani wa majani na kutoa namba. Anasema anaweza kutuletea. Je, kitatwambia kila jaluba litiwe urea kiasi gani? Na kitatupunguzia gharama ya mbolea?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nitakujibu kwa ufupi kwanza, kisha nieleze, maana najua wenzako watataka kujua sababu kabla mtoto wa mtu hajatoa fedha zake.

Kifaa peke yake hakitakwambia utie kilo ngapi. Kitakwambia jaluba lipi limelizidi jingine kwa ujani, na limezidi kwa kiasi gani, tena kwa uhakika ambao macho yetu hayana. Ili tofauti hiyo igeuke kuwa kilo za urea panahitajika kitu ambacho hakiletwi kutoka nje wala hakiuzwi dukani: kipande kidogo cha bonde lenu wenyewe, mlichokishibisha kwa makusudi naitrojeni, yaani kile chakula cha mmea kilichomo ndani ya urea. Kipande hicho kikiwepo, hata bila kifaa mtafika mbali. Kisipokuwepo, mtakuwa mmenunua mizani yenye kitanga kimoja.

Na kuhusu gharama, usimwahidi mtu kwamba mbolea itapungua. Soma tena swali lako. Mpunga uliolala mara nyingi umepata naitrojeni kuliko shina linavyoweza kuhimili. Mpunga wa manjano huenda una njaa. Hali zote mbili zimetokea kwenye bonde moja, msimu mmoja, kwa kipimo kimoja. Huenda kikundi kina mbolea ya kutosha ila imekaa pasipostahili. Faida kubwa ya vifaa hivi kwa mkulima mdogo ni kuihamisha mbolea, kuitoa palipojaa na kuipeleka penye upungufu. Polo zinaweza zikabaki zile zile na vuno likaongezeka.

Sasa kifaa chenyewe. Kwa ulivyokieleza, ni cha jamii ya GreenSeeker. Asili yake ni Oklahoma, Marekani, miaka ya 1990, ambako Bill Raun, Marvin Stone na John Solie wa Oklahoma State University walikuwa wakitafuta njia ya kuacha kutia mbolea kwa kipimo kimoja kwenye mashamba ya ngano yasiyofanana. Kampuni ya Trimble iliinunua teknolojia hiyo mwaka 2009, na baadaye kikatoka hiki kidogo cha mkononi. Kinatoa mwanga wake chenyewe wa namna mbili: mwekundu, na infraredi ambayo macho hayaioni. Jani lililoshiba lina klorofili nyingi, yaani ile rangi ya kijani ya jani, na klorofili huumeza mwanga mwekundu kwa ajili ya kutengenezea chakula cha mmea. Infraredi jani halina kazi nayo, kwa hiyo nyingi hurudishwa. Kifaa kinapima kilichorudi katika kila namna, kinachukua tofauti, kinaigawa kwa jumla, kinakuonesha namba kati ya 0 na 1 inayoitwa NDVI. Udongo mtupu hutoa namba ndogo, kama 0.1 au 0.2. Mpunga mzuri uliokwisha kufunga nafasi hukaribia 0.8 au kupita kidogo.

Kwa kuwa kina taa yake, mawingu ya masika hayakisumbui, na hilo ni jema kwetu. Unakishika sentimita 60 hadi 120 juu ya majani, unabana kitufe, unatembea taratibu juu ya mstari huku kimo ni kile kile, unaachia, unasoma wastani. Mtoto wa skuli anaweza kujifunza kwa asubuhi moja. Angalia tu majani yawe yamekauka umande.

Udhaifu wake kwenye mpunga uko wa aina tatu, na wauzaji huupita haraka. Mpunga ukiwa mchanga, nafasi kati ya mashina ni kubwa, na kifaa kinaona maji na tope kuliko majani. Maji humeza infraredi, kwa hiyo jaluba lenye maji mengi na jaluba lililokauka yatatoa namba tofauti hata kama mpunga ni mmoja. Mpunga ukishafunga kabisa, namba hugota. Ukipita 0.8 hivi, wenye shibe na uliovimbiwa husomeka sawasawa. Kipindi chake kizuri ni katikati, na bahati nzuri ndicho kipindi cha kutia mbolea ya pili. La tatu ni kwamba NDVI inachanganya rangi na wingi wa majani. Jaluba lenye mashina yaliyokufa, likabaki na mapengo, litasoma namba ndogo hata kama kila jani lililobaki ni la kijani kibichi. Ukilitia urea zaidi kwa sababu ya namba hiyo, unayalisha mapengo.

Ndiyo maana namba tupu haina maana. Ukiniambia jaluba lako limesoma 0.60, siwezi kukujibu kitu. Mpunga wa aina gani? Una siku ngapi? Umepandikizwa kwa nafasi gani? Maji yako wapi? Supa ni mrefu na majani yake hayafanani na ya Saro 5, ile TXD 306 iliyo fupi na yenye shina la kuvumilia mbolea. Namba moja kwenye mipunga hiyo miwili ni habari mbili tofauti.

Hapa sasa ndipo kinapoingia kipande cha shibe, na hili ningependa ulisome taratibu.

Chagua jaluba la kawaida, lenye udongo uliotawala bonde lenu. Kama sehemu kubwa ni kinamo, usichague kile kipembe cha kichanga kilichoko ukingoni. Usichukue jaluba la mwanzo lililoko mdomoni mwa mfereji wala la mwisho linakotulia kila kitu. Ndani yake pima kipande cha mita 5 kwa 5, ukizungushie kijituta imara ili maji yasiibebe mbolea kwenda kwa jirani. Mbegu iwe moja na ya wenzake, siku ya kupandikiza iwe moja, mbolea ya kupandia iwe moja. Tofauti iwe urea tu. Mbele yake tengeneza kipande kingine cha ukubwa huo huo ambacho hakitapata urea kabisa msimu mzima.

Polo la kilo 50 kwa eka, mnayotia sasa, ni kilo 23 za naitrojeni kwa eka, kwa sababu urea ina asilimia 46. Kwenye mita za mraba 25 hiyo inakuwa gramu 310 hivi za urea. Kipande cha shibe kipe mara mbili ya hapo, gramu 620, ugawe nusu wiki ya pili baada ya kupandikiza na nusu wiki ya nne. Pima kwa mizani ya dukani. Kibaba cha huyu na kibaba cha yule havilingani, na kwenye kipande kidogo namna hii kosa la konzi moja linaharibu kila kitu.

Kufika wakati wa mbolea ya pili, kipande hicho kinakuonesha mpunga wenu, kwenye udongo wenu, kwa mvua na jua la mwaka huo, unakuwaje usipokosa naitrojeni. Kisichotiwa kitu kinakuonesha ardhi yenyewe inatoa nini. Jaluba lako liko mahali fulani kati ya hivyo viwili. Kama mtu akisimama tutani hawezi kulitofautisha jaluba lake na kipande cha shibe, mbolea ya pili aiahirishe, aangalie tena baada ya wiki. Hajahitaji kifaa kujua hilo.

Wakati wenyewe ndio mwahala wengi hukosea. Mpunga wa siku 120 huanza kutunga suke changa kama siku 65 kabla ya kuvuna, yaani karibu na siku ya 55 tangu mbegu kumwagwa kitaluni. Usihesabu kalenda peke yake. Ng'oa shina kubwa, lipasue kwa wembe kutoka chini kwenda juu, tafuta juu ya pingili ya mwisho kitu kidogo cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita moja au mbili. Ukikiona, ndiyo siku. Ukisubiri mpaka tumbo la mpunga limevimba kwa mimba, urea itaukijanisha mpunga lakini idadi ya punje imeshaamuliwa.

Kwa anayetaka hesabu ya kifaa, iko hivi. Tuseme siku hiyo kipande cha shibe kinasoma 0.72 na jaluba lako 0.60. Gawanya 0.72 kwa 0.60, utapata 1.2. Maana yake mpunga wako ukishibishwa una nafasi ya kutoa kiasi cha asilimia 20 zaidi ya utakavyotoa ukiuacha ulivyo. Tuseme tena jaluba hilo kwa hali yake lingetoa kilo 1,200 za mpunga kwa eka. Asilimia 20 ni kilo 240. Punje ya mpunga ina naitrojeni kama asilimia 1.2, kwa hiyo kilo 240 zinahitaji kilo 2.9 hivi. Lakini mpunga wa majini hauipati naitrojeni yote unayoutilia. Mara nyingi ni thuluthi moja au zaidi kidogo inayoingia kwenye mmea. Tuchukue sehemu mbili kwa tano. Gawanya 2.9 kwa 0.4, utapata karibu kilo 7.2 za naitrojeni, ambazo ni kilo 16 kasoro kidogo za urea kwa eka. Kwa robo eka yako ni kama kilo 4. Kwa mazoea yenu, jaluba hilo lingepata nusu ya polo kwa eka, yaani kilo 6 na kidogo. Hizo kilo 2 zilizobaki zina mahali pa kwenda.

Zile kilo 1,200 nimezipata wapi? Kwako wewe zitoke kwenye daftari la mavuno la kikundi. Wenzetu wa Oklahoma wanazikadiria kutokana na namba ya kifaa na siku tangu kupanda, lakini fomula hiyo waliipima kwenye ngano yao. Kwa mpunga, watafiti wa Louisiana walitengeneza ya kwao. Zipo pia programu za simu na kurasa za kukokotolea ambazo zitakupa jibu lenye desimali mbili, zuri kutazama. Usizifuate. Zinakadiria shamba la mtu mwingine, lenye udongo mwingine na mbegu nyingine. Vipande vyako viwili, ukivivuna na kuvipima peke yake, vina thamani kuliko fomula hizo zote: kilo ulizopata kwenye mita 5 kwa 5 zizidishe kwa 162, hapo una kilo kwa eka.

Mgawanyo ukikuletea 1.05 au chini, usitie kitu. Ukileta 1.5 au zaidi, pia usikimbilie urea. Tofauti kubwa kiasi hicho mara nyingi ina sababu nyingine, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi mtu mwenye kifaa kuliko asiye nacho. Kifaa kinaona manjano. Hakioni kwa nini.

Anza na majani. Mpunga wenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano kwenye majani ya zamani, yale ya chini, kwa sababu mmea unaihamisha naitrojeni iliyopo kwenda kwenye majani machanga. Kama manjano yameanza juu, kwenye majani mapya, na ya chini bado yana rangi, fikiria salfa. Urea haina salfa hata chembe. Kama miaka yote mmekuwa mkitia urea peke yake, badilisheni sehemu ya mbolea kwa SA (salfeti ya amonia), ambayo ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, muone.

Kama mpunga umedumaa wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, ukatoa madoa ya rangi ya kutu kwenye majani, na majaluba ya namna hiyo ndiyo yaliyoshiba maji muda wote, huenda ni upungufu wa zinki. Sehemu nyingi za visiwa vyetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayotoka kwenye mawe hayo yana chokaa. Udongo wenye chokaa na maji yasiyokauka huifunga zinki. Kulikausha jaluba kwa siku chache mara nyingi huonesha nafuu kabla hata hujanunua kitu.

Kama manjano yamekuja kwa michirizi na mabaka yanayofuata urefu wa jani, mashina mafupi, suke halitoki lote, basi huo ni ugonjwa wa kirusi cha manjano, ambao wengine wanauita kimyanga. Uligunduliwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966 na uko Unguja na Pemba. Unaenezwa na mbawakawa wadogo wanaokula majani, wenye mabawa magumu, na pia na mikono yetu, mundu na mifugo inayopita bondeni. Urea haiutibu, mpunga mgonjwa uliokolezwa mbolea hubaki mgonjwa. Ng'oeni, msipandikize miche kutoka kitalu kilichougua, na msimu ujao tafuteni mbegu inayostahimili. Na kwenye mabonde ya kando ya mwambao ambako maji ya chumvi yameshaingia, manjano na ncha za majani zilizoungua ni chumvi. Hapo kila kilo ya urea ni fedha iliyomwagwa baharini.

Kwa hiyo kabla ya kupima jaluba, mtu aingie ndani, ashike majani. Kifaa kifuate.

Kuna jambo jingine ninalolishuku kwenye bonde lenu, na nitalisema ingawa hukuniuliza. Umesema mbolea ni ile ile, mengine manjano, mengine yamelala. Je, maji yanapita kutoka jaluba moja kwenda jingine? Kwenye mabonde mengi yetu si kila jaluba lina mdomo wake wa mfereji. Wa juu akishiba anafungua, maji yanashuka kwa wa chini. Urea huyeyuka upesi sana, na siku za mwanzo, kabla haijageuzwa na vijidudu vya udongo kuwa amoniamu inayoshikwa na kinamo, inasafiri na maji. Wa juu akitia urea asubuhi na mchana maji yakashuka, amemtilia jirani yake. Wa chini naye ametia ya kwake. Mmoja analala, mwenzake anakuwa manjano, na wote wawili wametia polo moja kwa eka. Tembeeni na maji kutoka juu kwenda chini mkiangalia yapi yalikuwa manjano na yapi yalilala. Ikiwa yamepangana kwa mfuatano huo, tatizo lenu la kwanza ni mapatano ya maji. Siku ya mbolea milango yote ifungwe, na ikae imefungwa siku tatu hivi.

Na namna ya kutia. Punguza maji mpaka yabaki membamba au tope tu, tawanya urea, kisha rudisha maji milango ikishafunguliwa. Ukitia kwenye maji ya kina mchana wa jua, ule ukijani wa majini unaoota humo huyafanya maji yawe na ualkali, kinyume cha asidi, na naitrojeni inaruka hewani kama gesi ya amonia. Unaweza hata kuisikia harufu yake. Jioni au asubuhi na mapema ni salama zaidi. Nadhani bonde lenye mapatano ya maji na utaratibu huu, lisilo na kifaa, litalipita bonde lenye kifaa lisilo na mapatano.

Sasa, kama hamtaki kungoja kifaa na macho peke yake hamyaamini, kiko chombo cha bei ndogo sana kwa kazi hii: chati ya rangi ya majani. Asili yake ni Japani, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI ya Ufilipino, iliieneza kwa wakulima wa Asia. Ni ubao wa plastiki wenye vipande vya kijani, kutoka kijani cha manjano hadi kijani kizito. Unachagua mashina kumi bila kupendelea, kwenye kila moja unachukua jani changa kabisa lililokwisha kukunjuka, unalilaza sehemu ya katikati juu ya ubao, unalikinga jua kwa mwili wako, unatafuta rangi inayofanana nalo. Saa ile ile ya asubuhi, mtu yule yule, kila baada ya siku saba hadi kumi, kuanzia wiki ya pili baada ya kupandikiza mpaka mpunga utoe maua. Kwenye chati ya vipande sita, mpunga wa kupandikiza hutakiwa usishuke chini ya 4, na ule wa kumwaga mbegu 3. Majani sita au zaidi kati ya kumi yakishuka, tia mbolea. Hata hapo, linganisha na kipande cha shibe, kwa sababu mbegu zenye harufu kama Supa zina kijani chao. Chati nayo haioni sababu ya manjano, lakini walau inamlazimisha mtu kushika jani.

Kipo pia kipimo kinachobana jani kama kibanio, SPAD. Kinapima klorofili kwenye eneo la milimita 2 kwa 3 tu, kwa hiyo maji na mapengo hayakidanganyi, lakini lazima ubane majani mengi ili upate wastani wa kuaminika. Ni cha watafiti zaidi. Kwa kikundi chenu sikioni.

Setilaiti nitazigusa tu, maana najua swali litafuata. Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha za bure kila siku chache, na kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10. Robo eka yako ni nukta kumi hivi, na nyingi kati ya hizo zimechanganya mpunga wako na tuta, mfereji au mpunga wa jirani. Ongeza mawingu ya masika. Kwa kuangalia bonde zima zinafaa, kwa jaluba la mtu mmoja hapana. Droni zinaona vizuri zaidi, na Zanzibar si wageni nazo. Kuanzia 2016 visiwa vilipigwa picha kwa droni kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walishiriki. Lakini kamera ya kawaida ya droni haioni infraredi, ile inayoiona ni ghali, na kurusha kunataka kibali. Kijana akija bondeni na droni ya harusi kuwauzia ramani ya mbolea, mpeni chai, mumuage kwa heri.

Turudi kwa mwanao. Mwambie asinunue msimu huu. Tengenezeni vipande, kimoja cha shibe na kimoja kisicho na urea, kwenye majaluba mawili au matatu yaliyoko mbalimbali, na kama mnapanda mbegu mbili kila mbegu iwe na chake. Fungeni milango ya maji siku za mbolea. Andikeni kwenye daftari kila jaluba lilitiwa nini, lini, na lilivunwa kilo ngapi. Bibi shamba wenu ashirikishwe tangu mwanzo, na ofisi ya kilimo ya Weni iambiwe mnachofanya. Kama manjano yakiendelea kwenye majaluba yale yale, udongo upelekwe kupimwa kupitia kwao, na watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, ni watu wa kuulizwa kuhusu mbegu inayostahimili kirusi.

Baada ya kuvuna, angalieni tofauti kati ya kipande kisicho na urea na cha shibe. Kama ni ndogo, ardhi yenu inajitosheleza kwa kiasi kikubwa, au kuna kitu kingine kinachouzuia mpunga, na kifaa hakitawalipa. Kama ni kubwa, na majaluba yenu yametawanyika kati ya hizo mbili, hapo kifaa kina kazi. Kiwe kimoja kwa bonde zima, kishikwe na watu wawili waliofundishwa pamoja ili namba zilingane, kiwekwe mahali pakavu, na siku ya kupima wapite kwenye majaluba yote kwa siku moja, wakianzia na kumalizia kwenye kipande cha shibe. Robo eka moja haiwezi kukilipia. Majaluba arobaini yanaweza.

Ukishapata uzito wa vipande hivyo, niandikie tena. Nitajie mbegu, kilo za kipande cha shibe, za kile kisicho na urea, na za jaluba lako lenyewe, nami nitakupigia hesabu ya kikundi kizima.